Shajara ya kiendeshi cha I2C: makosa yaliyojitokeza na jinsi yalivyorekebishwa

Mradi huu ni wa kuandika kiendeshi cha Linux kwa kidhibiti cha I2C (njia ya nyaya mbili ya kuunganisha chipu: SCL hubeba mapigo, SDA hubeba data) kilichojengwa ndani ya FPGA (chipu ambayo sakiti zake hupangwa na mtumiaji). Kidhibiti kinaendeshwa kwa mapigo ya MHz 50. Kina foleni ya baiti 16 ya kutuma, nyingine ya baiti 16 ya kupokea, uwezo wa DMA (kuhamisha data kwenye kumbukumbu bila kupitia CPU), na waya mmoja wa intarapti (ishara ya kuikatiza CPU ili ishughulikie jambo) ambao kinagawana na kipima muda. Kwenye njia kuna vifaa viwili: EEPROM (kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika) aina ya 24C32 katika anwani 0x50 na kipimajoto LM75 katika 0x48. Kerneli (kiini cha Linux) ni toleo la 6.6.

Hatua za kawaida zimefupishwa. Makosa ndiyo yaliyopewa nafasi, pamoja na saa yaliyokula, maana humo ndimo atakamokwama anayetaka kuiga kazi hii.

3 Februari: maandalizi

Mifupa ya kiendeshi imekamilika: `probe` (huitwa kifaa kinapopatikana), `remove` (kinapoondolewa), na `struct i2c_algorithm` yenye `.master_xfer` (hufanya uhamishaji) na `.functionality` (hutaja uwezo wa kidhibiti). Mifano yake imejaa ndani ya `drivers/i2c/busses`, hivyo hairudiwi hapa.

Kazi yenye maana ilikuwa kujenga upya kerneli ikiwa na vipengele vya kunasa makosa: `CONFIG_KASAN` (matumizi mabaya ya kumbukumbu), `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP`, `CONFIG_DMA_API_DEBUG` na `CONFIG_DEBUG_SHIRQ`. Kerneli ya namna hii ni nzito na inakwenda polepole, lakini kila mojawapo ya vipengele hivyo vinne imenasa kosa moja katika yaliyoandikwa hapa chini. Usianze bila hivyo.

Vifaa vya mezani: kichambuzi cha mantiki cha chaneli 8 kinachosoma MHz 24, osiloskopu, na rezista kadhaa za kuvuta nyaya juu.

Saa 5.

4 Februari: mapigo ya SCL

Hesabu ya kwanza ilikuwa rahisi kupita kiasi. MHz 50 ukigawa kwa kHz 400 unapata mizunguko 125. Tukaipasua katikati, 62 chini na 63 juu. Kwenye kichambuzi SCL ilionekana safi, kHz 400 kamili. Hata hivyo ni kinyume cha kanuni za I2C. Katika kasi ya kHz 400, SCL inapaswa kubaki chini kwa angalau µs 1.3 na juu kwa angalau µs 0.6. Mizunguko 62 ni µs 1.24. Vifaa vingi vitavumilia, kimoja kitakataa, na lawama itaangukia kifaa hicho. Sasa ni 66 chini (µs 1.32) na 59 juu (µs 1.18), jumla bado ni 125.

Kigawanyo kikitoka na desimali, kizungushe juu kwa `DIV_ROUND_UP`. Kwa mapigo ya MHz 33, kwa mfano, jibu ni 82.5. Ukikata desimali unabaki na 82, na njia inakimbia kHz 402.4, juu ya kikomo. Kasi ya mapigo yenyewe iombwe kwa `clk_get_rate()`, isiandikwe kama namba ndani ya msimbo.

Kosa la pili lilikuwa kwenye nyaya. Rezista za kuvuta juu zilikuwa kΩ 10. Muda wa kupanda kwa waya ni takriban 0.85 × R × C. Kwa pF 100 hiyo ni ns 850, na kikomo cha kasi hii ni ns 300. Kichambuzi cha mantiki hakiwezi kukuonyesha hili, kwa kuwa kinajua 0 na 1 tu. Osiloskopu ilionyesha kila pigo limepinda kama pezi la papa. Tukaweka kΩ 2.2, muda ukashuka hadi karibu ns 190. Usishuke chini ya takriban Ω 970 kwenye volti 3.3, la sivyo kifaa kitalazimika kumeza zaidi ya mA 3 ili kuuvuta waya chini.

Saa 6, nyingi zikitafutwa ndani ya msimbo usiokuwa na hatia.

6 Februari: uhamishaji wa kwanza

Kila biti kwenye waya ilikuwa sahihi, ilhali `at24`, kiendeshi cha EEPROM ndani ya kerneli, ilirudishiwa kosa la -EIO. Sababu: `.master_xfer` ilirudisha 0 ilipofanikiwa, kama zinavyofanya funksheni nyingi za kerneli. Hii haifanyi hivyo. Inarudisha idadi ya ujumbe uliopita. Ukiombwa ujumbe 2 na yote ikapita, rudisha 2. Sifuri inasomeka kama "hakuna kilichopita".

Kisha `i2cdetect`, amri ya kutafuta vifaa kwenye njia, ikachukua karibu dakika 2. Anwani zinazokaguliwa ni 112, wanaojibu ni wawili, na kila anwani isiyojibu ilingojewa sekunde 1 nzima, ambao ndio muda wa kawaida wa `adap.timeout`. Kidhibiti kilikuwa kinainua biti ya NACK (jibu la kukataa; la kukubali ni ACK) mara moja, ila hatukuwa tumeiwasha kwenye rejista ya kuruhusu intarapti. Hii si kero ya uvivu tu. EEPROM ikiwa inaandika ukurasa ndani kwake hukataa anwani yake kwa milisekunde kadhaa, na `at24` hutegemea kukataliwa haraka ili ijaribu tena ndani ya ms 25. Kila kukataliwa kukichukua sekunde nzima, muda huo unapita na kuandika kunashindwa.

Misimbo ya makosa sasa imepangwa hivi: anwani isiyojibiwa ni -ENXIO, data iliyokataliwa ni -EIO, kunyang'anywa njia na kidhibiti kingine ni -EAGAIN, muda kuisha ni -ETIMEDOUT. Usirudishe -EAGAIN kwa NACK. Kiini cha I2C kikiiona hurudia uhamishaji chenyewe kadiri `adap.retries` inavyoruhusu, na utajikuta unakimbiza ujumbe unaojirudia bila kujua nani kaurudia.

Bado kulikuwa na anwani zilizoganda, zile ambazo `i2cdetect` huzikagua kwa ujumbe usio na baiti hata moja. Kidhibiti hiki huanza kazi foleni inapoingia kitu. Ujumbe mtupu hauanzi kamwe. Dawa ni ukweli: tangaza `I2C_AQ_NO_ZERO_LEN` kwenye `quirks` (orodha ya mipaka ya kidhibiti), na ondoa `I2C_FUNC_SMBUS_QUICK` katika `.functionality`. Baada ya hapo tumia `i2cdetect -r`.

Kosa la mwisho la siku lilijificha vizuri mno. Kiendeshi kilikuwa kinapiga STOP (ishara ya kufunga mazungumzo) baada ya kila ujumbe badala ya kupiga START (ishara ya kuyafungua) tena katikati na STOP mwisho tu. Vifaa vyote viwili vilisoma sawasawa! 24C32 na LM75 hukumbuka kielekezi chao hata baada ya STOP, kwa hiyo jaribio halikushindwa. Lakini kati ya STOP na START njia iko huru, na kidhibiti kingine kinaweza kuingia. Liangalie hili kwa macho kwenye kichambuzi, usiamini jibu la `i2cget`.

Saa 9.

10 Februari: baiti ya mwisho

Hili ndilo kosa lililofundisha zaidi.

Kusoma EEPROM mpya kulifanikiwa siku nzima, urefu wowote, mara maelfu. Tukaandika data halisi ndani yake, tukasoma tena, na usomaji wa kwanza ukaiua njia: SDA chini, SCL juu, hakuna kinachojibu, hata LM75. Kuwasha upya bodi hakukusaidia. Kuchomoa umeme kulisaidia.

Wakati wa kusoma, kidhibiti ndicho kinachotoa ACK kwa kila baiti iliyopokewa, isipokuwa ya mwisho, ambayo lazima ipewe NACK ili kifaa kijue kimemaliza na kiachie SDA. Biti ya "usijibu" katika kidhibiti hiki inapaswa kuandikwa kabla baiti ya mwisho haijaanza kuingia. Sisi tuliiandika ndani ya intarapti ya baiti hiyohiyo, baada ya ACK kwisha kutoka.

EEPROM ilipopata ACK ilitoa mara moja biti ya kwanza ya baiti inayofuata. Kama biti hiyo ni 1, SDA inabaki juu, kidhibiti kinapiga STOP kwa raha na hakuna anayejua. Kama ni 0, EEPROM inaishikilia SDA chini ikingoja pigo la SCL, na kidhibiti hakiwezi kupiga STOP, kwa sababu STOP ni SDA kupanda SCL ikiwa juu. Kila mmoja anamngoja mwenziwe. EEPROM isiyoandikwa kitu imejaa 0xFF, biti zote 1. Ndiyo maana ilipita siku nzima. Baiti ya kwanza tuliyoikuta baada ya kikomo cha usomaji ilikuwa 0x2C, ambayo huanza na 0.

Marekebisho yalikuwa mawili. Kwanza, kwa ujumbe wa kusoma baiti 1, biti ya "usijibu" huwekwa pamoja na START. Kwa ujumbe mrefu zaidi, huwekwa baiti ya mwisho kabisa ikiwa bado haijaombwa. Pili, njia ya kujiokoa: `struct i2c_bus_recovery_info` ikielekezwa `i2c_generic_scl_recovery`, ambayo hupiga mapigo hadi 9 kwenye SCL mpaka SDA iachiwe, kisha STOP. Tisa yanatosha, kwa kuwa kufikia pigo la tisa kifaa hulazimika kuachia SDA ili kisikilize ACK, na kinapata NACK. Uokoaji huitwa pia ndani ya `probe`, kwa sababu 24C32 haina pini ya kuanzisha upya: bodi ikiwashwa upya katikati ya usomaji bila kukata umeme, itaamka na kuikuta njia imeshikwa.

Tangu leo majaribio yote ya kusoma hutumia EEPROM iliyojazwa 0x00, na nyingine iliyojazwa namba za bahati nasibu.

Saa 11.

13 Februari: intarapti

Mara chache katika maelfu ya uhamishaji, kiendeshi kilingoja hadi muda ukaisha ingawa kichambuzi kilionyesha STOP imepigwa. Mwenye hatia alikuwa mstari huu (`readl` husoma rejista, `writel` huiandikia):

`writel(readl(base + STAT) | RX_FULL, base + STAT);`

Rejista ya hali hufutwa kwa kuandikiwa 1. Mstari huo unasoma kila biti iliyowaka na kuiandika tena, kwa hiyo unazifuta zote, ikiwemo STOP_DONE iliyowaka wakati huohuo na ambayo hakuna aliyeishughulikia. Mtindo wa "soma, ongeza, andika" ni sahihi kwa rejista ya kawaida na ni sumu kwa rejista ya aina hii. Sasa hali inasomwa mara moja tu mwanzoni, inawekwa kwenye kigeugeu, na kinachoandikwa ni kigeugeu hicho na si kingine.

Jingine: hesabu katika `/proc/interrupts` ilikuwa karibu mara mbili ya matarajio. `writel` ya kufuta hali ilikuwa bado njiani kuelekea FPGA wakati kishughulikia intarapti kimeshatoka. Waya ukaonekana bado umeinuliwa, kikaitwa tena na kukuta hali ni 0. Kusoma rejista ileile mara moja baada ya kuandika kunalazimisha maandishi yafike kwanza. Hali ikiwa 0, rudisha `IRQ_NONE`, usidai kazi ya mwenzio: waya huu una kipima muda pia. Kwa upande mwingine, kerneli ikiona intarapti zaidi ya 99,900 kati ya 100,000 hazina mwenyewe huuzima waya kabisa, na ujumbe wake huwa na maneno "nobody cared".

Mpangilio wa `probe` nao ulibadilishwa. Programu ya kuwasha bodi huacha intarapti inayosubiri, na `devm_request_irq` ilipoitwa tu kishughulikia kikakimbia kabla `init_completion` (huandaa `completion`, kitu cha kungojea uhamishaji uishe) haijaitwa. Sasa: washa mapigo, zima intarapti zote, futa hali, andaa kufuli na `completion`, omba intarapti, na mwisho kabisa `i2c_add_adapter`. Huyo wa mwisho husajili vifaa vilivyomo kwenye mti wa vifaa (maelezo ya maunzi yanayosomwa na kerneli) papo hapo, na viendeshi vyao huweza kuanza kusoma kabla hata hajarudi. Usisahau `adap.dev.of_node`, ikikosekana hakuna kosa linalotolewa, ila vifaa havitokei.

Mwisho, kungoja STOP kwa `readl_poll_timeout` ndani ya kishughulikia kulinaswa na `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP`. Funksheni hiyo inaweza kulala. Ipo ndugu yake `readl_poll_timeout_atomic`, lakini hata hiyo tuliiacha: STOP sasa ina intarapti yake, na uhamishaji hauhesabiwi umekwisha mpaka ifike.

Saa 13.

17 Februari: muda kuisha

Muda wa kungoja ulikuwa ms 100 kwa kila ujumbe. Amri `i2ctransfer -y 1 w2@0x50 0 0 r4096` kwa kHz 100 huhitaji biti 9 kwa kila baiti, yaani µs 90 × 4096, karibu ms 369. Kiendeshi kilijikatia chenyewe. Muda sasa unakokotolewa kutokana na urefu na kasi, kisha unaongezwa nafasi kubwa.

`wait_for_completion_timeout` hurudisha `unsigned long`: 0 ikiwa muda umeisha, na kamwe si namba hasi. Ukaguzi wetu wa `ret < 0` haukuwahi kuwa kweli. Toleo la `interruptible` lisitumike hapa. Mtu akibonyeza Ctrl-C uhamishaji unaachwa nusu na njia imeshikwa. Nayo `reinit_completion` iitwe kabla ya kuandika biti ya kuanza. Ukiiita baada yake unaweza kufuta taarifa iliyokwishafika.

Lililo baya zaidi lilionekana kwa KASAN tu. Muda ulipoisha, `.master_xfer` ilirudi, mwitaji akaachilia bafa yake (eneo la kumbukumbu la data), halafu intarapti iliyochelewa ikaja na kumimina baiti ndani ya kumbukumbu ambayo ni ya mtu mwingine. Bila KASAN, hilo ni anguko la kerneli saa kadhaa baadaye, mahali pasipohusiana kabisa na I2C. Utaratibu wa sasa muda ukiisha, kwa mpangilio huuhuu: zima intarapti za kidhibiti, `synchronize_irq`, weka kielekezi cha ujumbe kuwa NULL chini ya kufuli, anzisha kidhibiti upya, kisha jaribu kuokoa njia. Kishughulikia nacho hukagua NULL kabla ya kugusa bafa.

Saa 10.

21 Februari: DMA

DMA imewekwa kwa ujumbe wa zaidi ya baiti 16. Mfupi zaidi hupita kwenye foleni.

Majaribio yote ya `i2ctransfer` yalipita, na hapo palikuwa na mtego. Bafa zinazotoka `i2c-dev`, mlango wa programu za mtumiaji, hutengwa vizuri na hubeba alama ya `I2C_M_DMA_SAFE`. Viendeshi vingine ndani ya kerneli havitoi ahadi hiyo. Bafa inaweza kuwa kwenye staki, au ndani ya muundo wa data ikigawana mstari wa kache (kipande cha kumbukumbu ambacho CPU hukinakili kwa mpigo mmoja) na kitu kingine. Kwa jaribio tuliweka bafa ya baiti 24 kando ya kihesabu ndani ya muundo mmoja, kwenye prosesa yenye mistari ya kache ya baiti 64. DMA ikileta data huku CPU inaongeza kihesabu, mmoja humfuta mwenzake: ama kihesabu kinarudi nyuma, ama baiti zilizosomwa zinageuka za zamani.

Usipitishe `msg->buf` moja kwa moja kwa `dma_map_single`. Ita `i2c_get_dma_safe_msg_buf(msg, 17)`. Chini ya kiwango hicho inarudisha NULL, nawe tumia foleni. Mwishoni ita `i2c_put_dma_safe_msg_buf`, ambayo hunakili data kurudi ikihitajika. Ukaguzi wa `dma_mapping_error` tuliusahau, na `CONFIG_DMA_API_DEBUG` ikatukumbusha.

Saa 8.

25 Februari: kuondoa moduli na kulala

`rmmod` iligandisha bodi nzima. `remove` ilizima mapigo, lakini intarapti iliyoombwa kwa `devm_` huachiliwa na kerneli yenyewe baada ya `remove` kumaliza. Kwa waya wa kugawana, `CONFIG_DEBUG_SHIRQ` humwita kishughulikia mara moja zaidi wakati wa kuachilia, akasoma rejista ya kidhibiti kisicho na mapigo, na basi. Bila kipengele hicho kosa lingengoja intarapti ya kipima muda ije katika upenyo huo mdogo. Mapigo sasa yanachukuliwa kwa `devm_clk_get_enabled` kabla ya kuomba intarapti, hivyo yanazimwa baada yake. Ukichanganya `devm_` na kuzima kwa mkono, chora kwanza mpangilio wa kubomoa.

Kwenye usimamizi wa umeme, `pm_runtime_get_sync` huongeza hesabu ya watumiaji wa kifaa hata ikishindwa. `pm_runtime_resume_and_get` hairuhusu uvujaji huo.

Saa 4.

28 Februari: kuharibu kwa makusudi

Pini mbili za GPIO (pini za matumizi ya jumla) zimeunganishwa kwenye SDA na SCL zilezile, zikiendeshwa na `i2c-gpio` yenye `CONFIG_I2C_GPIO_FAULT_INJECTOR`. Faili zake ziko ndani ya debugfs, mfumo wa faili wa kutafutia makosa.

Kuandika 0x48 kwenye `incomplete_address_phase` humwacha LM75 ameshika SDA chini katikati ya ACK. Kiendeshi kiliokoa njia na usomaji uliofuata ukapita. Kuandika 0 kwenye `scl` hushikilia SCL chini. Hapo mapigo 9 hayawezi kutoka, na jibu sahihi ni kushindwa kwa -EBUSY bila kuzunguka milele. `lose_arbitration` ilifichua kosa moja: baada ya kunyang'anywa njia kiendeshi kilipiga STOP, kikavuruga mazungumzo ya mwenzake. Aliyeshindwa huachia nyaya, humwaga foleni zake na kurudisha -EAGAIN.

Saa 5. Jumla hadi sasa ni saa 71.

Kilichobaki

`.master_xfer_atomic` haijaandikwa. Itahitajika siku bodi itakapokuwa na chipu ya umeme inayozimwa kupitia I2C, wakati ambapo intarapti zimeshafungwa na hakuna kulala. Itapita kwenye foleni pekee, bila DMA, ikikagua hali kwa kuzunguka.